Fuata Shilingi Moja Kabla Hujasaini

SWALI: Kaka, shikamoo. Mimi ni mhandisi wa programu, nina miaka 4 katika benki hapa Dar es Salaam. Nimepata ofa kutoka kampuni changa yenye umri wa miaka 3. Wanawawezesha wenye maduka ya mtaani kuagiza bidhaa kwa simu na kulipa kwa M-Pesa au Airtel Money. Wana wahandisi 9, wamepata fedha za wawekezaji na wanataka kufika 20. Mfumo wao umeandikwa kwa lugha ya PHP na vifaa vyake vya Laravel, data zinakaa MySQL, ila wamesema mwaka huu wanauandika wote upya kwa lugha ya Go na kuuweka kwenye Kubernetes, programu ya kusimamia mifumo kwenye mashine nyingi. Rafiki yangu mmoja anasema PHP imepitwa na wakati, nikimbie. Mwingine anasema Go na Kubernetes ndiyo mambo ya sasa, niende. Nitajuaje kama teknolojia yao imesimama kabla sijaandika barua ya kuacha kazi?

JIBU: Marahaba, mdogo wangu. Swali hili niliwahi kulijibu vibaya kwa ajili yangu mwenyewe na nikapoteza mwaka mzima, ndiyo maana nitakujibu kwa urefu.

Rafiki zako wanapingana, lakini wote wawili wanatazama majina. Majina ya teknolojia ni vifaa vilivyomo kwenye mfuko wa fundi ujenzi. Ukiuchungulia utajua kwamba ana mwiko na ana timazi, lakini kama kuta zake zimenyooka hujajua bado. Hilo unalijua kwa kwenda kusimama kwenye nyumba aliyoijenga.

Facebook ilipotangaza kuinunua Instagram mwaka 2012 kwa dola bilioni 1, Instagram ilikuwa na wafanyakazi 13 na watumiaji wapatao milioni 30. Iliendeshwa kwa Django (vifaa vya kujengea tovuti) na PostgreSQL (kanzidata, yaani ghala la data), vitu vya kawaida kabisa hata wakati ule. WhatsApp iliponunuliwa mwaka 2014 kwa dola bilioni 19, wahandisi wasiofika 40 walikuwa wanahudumia watu wapatao milioni 450 kwa Erlang, lugha iliyozaliwa Ericsson miaka ya 1980 kwa ajili ya mitambo ya simu. Facebook yenyewe ilianza mwaka 2004 kwa PHP hiyohiyo unayoambiwa uikimbie. Ilipoelemewa haikuitupa. Ilijenga injini yake ya kuiendesha kwa kasi, kisha mwaka 2014 ikatoa Hack, lugha iliyochipuka kutoka PHP. Watu hao walifanikiwa kwa sababu walikijua kwa undani kile walichokishika.

Kwa hiyo PHP isikunyime usingizi. Uliza tu ni toleo gani, na mara ya mwisho walipandisha toleo lini. PHP 7.4 iliacha kupata marekebisho ya usalama Novemba 2022, Python 2 iliachwa Januari 2020, na AngularJS, ya kujengea kurasa za tovuti, mwisho wa mwaka 2021. Mfumo unaokaa juu ya toleo lililoachwa na watengenezaji wake unakupa habari kuhusu watu wanaoutunza: ama hawana muda, ama wanaogopa kuugusa. Wakikwambia wanaogopa kuugusa, uliza kwa nini. Jibu la hapo litakufaa kuliko maswali yote ya usaili.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Waombe wakuoneshe safari ya shilingi moja. Wasikueleze kwa mdomo tu. Wafungue mfumo, mkae mbele ya skrini, mfuate malipo ya mteja mmoja tangu anapobonyeza hadi yanapoingia kwenye vitabu vya hesabu.

Wape mfano huu. Mama mwenye duka Mbagala ameagiza katoni 5 za sabuni na mfuko wa sukari. Anabonyeza kulipa. Ujumbe wa kuweka namba ya siri unatokea kwenye simu yake, anaiweka, na kampuni ya simu inakata fedha. Baada ya hapo kampuni ya simu inatakiwa kuiarifu seva ya hao waajiri wako kwamba malipo yamekamilika. Taarifa haifiki. Labda seva ilikuwa inawashwa upya, labda intaneti ilikatika kwa sekunde 20. Kwenye skrini ya mama yule pameandikwa kwamba malipo yanasubiriwa. Anangoja dakika moja, anatazama salio lake, anaona limepungua, anaingiwa na wasiwasi, anabonyeza tena.

Kisha waulize: hapo kinatokea nini?

Wewe umetoka benki, utalitambua jibu zuri likianza tu. Watakwambia kila oda ina namba yake ya kipekee inayosafiri na ombi la malipo kutoka mwanzo hadi mwisho, hivyo ombi la pili la oda ileile haliwezi kukata fedha mara mbili. Watakuonesha kazi inayojiendesha kila baada ya dakika chache, inayoiuliza kampuni ya simu kuhusu miamala iliyokwama: huu umefikia wapi? Watakuonesha pia kwamba kila siku miamala yao inalinganishwa na taarifa ya kampuni ya simu mstari kwa mstari, na mstari usio na mwenzake unajitokeza wenyewe mbele ya mtu fulani mwenye jina.

Ukisikia "hilo ni nadra sana", andika kwenye daftari lako. Halijawa nadra popote nilipowahi kufanya kazi Afrika Mashariki. Ukisikia "huwa tunaingia kwenye kanzidata tunabadilisha hali ya oda kwa mkono", usikasirike nao, kampuni nyingi zimepita hapo. Waulize nani anaruhusiwa kuingia, na je, baada ya kubadilisha kunabaki alama inayoonesha nani alibadilisha nini na saa ngapi? Pasipobaki alama, siku fedha zitakapopotea kila mhandisi mwenye ufunguo ni mtuhumiwa, na wewe utakuwa mmoja wao.

Ngoja nikwambie kilichonipata. Kampuni niliyojiunga nayo (jina lake naliacha) ilikuwa inawakopesha madereva wa bodaboda. Kwenye usaili walinichorea ubaoni visanduku vilivyounganishwa kwa mishale, kila kisanduku na jina lake, na mimi nikavutiwa. Wiki ya tatu nilichelewa kutoka ofisini. Saa tatu usiku nikapita kwenye meza ya dada wa hesabu, nikamkuta amefungua Excel mbili. Kushoto taarifa ya kampuni ya simu, kulia ripoti ya mfumo wetu. Alikuwa anatafuta mistari isiyolingana na kuipaka rangi ya njano, mmoja mmoja. Nikamuuliza anafanya hivyo mara ngapi. Akajibu, "Kila siku, kaka. Hazijawahi kulingana."

Nikavuta kiti. Haikupita nusu saa tukaona mistari ya njano ina tabia moja: karibu yote ilikuwa malipo yaliyofanyika kati ya saa sita usiku na saa tisa usiku. Dereva wa bodaboda hulipa rejesho lake akimaliza kazi, na wengi humaliza usiku wa manane. Seva yetu ilikuwa inahesabu saa za kimataifa, zilizo nyuma ya saa zetu kwa saa 3, hivyo kwetu siku ilikuwa inaisha saa tisa usiku. Malipo ya Jumanne saa saba usiku mfumo uliyaandika ya Jumatatu, wakati kampuni ya simu iliyaandika ya Jumanne. Marekebisho yake yalikuwa mistari michache ya msimbo (maandishi ya programu). Dada yule alikuwa amelalamika zaidi ya mara moja, lakini malalamiko yake yalipitia kwa meneja, na meneja aliyachukulia kuwa ni tatizo la Excel.

Visanduku vya ubaoni havikuwa na kosa. Kosa lilikuwa kwamba aliyeuona ugonjwa na aliyeweza kuutibu walikaa hatua 15 mmoja kutoka kwa mwenzake na hawakuwa wanazungumza. Tangu siku ile, kabla sijasaini popote, naomba robo saa na mtu wa hesabu na robo saa na mtu anayepokea simu za wateja. Ninawauliza hivi tu: "Ni kitu gani mnakifanya kwa mkono kila siku ambacho mngependa mfumo uwafanyie?" Wao hawana sababu ya kuupamba mfumo.

Ukiwa hapohapo kwenye shilingi, angalia mambo mawili madogo. La kwanza, safu ya fedha kwenye kanzidata ni ya aina gani? Kama wanahifadhi fedha kwa namba za desimali zinazoelea, zile ambazo ukijumlisha 0.1 na 0.2 unapata 0.30000000000000004, ada za asilimia zitaanza kuachia senti hapa na pale. La pili, salio la mteja ni namba inayofutwa na kuandikwa upya kila mara, au linatokana na mistari ya daftari isiyofutwa kamwe? Kwa miaka 4 ya benki najua hilo la pili umelishiba, sitakufundisha.

Baada ya shilingi, fuata badiliko. Chagua dogo kabisa, kama kubadilisha neno moja kwenye risiti ya mteja. Waulize litachukua muda gani tangu mhandisi anapoandika hadi mama wa Mbagala anapoliona, linapita mikononi mwa nani, majaribio gani yanajiendesha kabla halijapanda kwenye mfumo unaotumiwa na wateja, na likiharibika linarudishwaje. Waombe wakuoneshe historia ya mabadiliko ya wiki 2 zilizopita. Timu inayopandisha mabadiliko madogo kila siku au kila baada ya siku mbili, na inayoweza kurudi nyuma ndani ya dakika chache, ina afya hata kama msimbo wake hauna sura nzuri. Timu inayokusanya mabadiliko ya mwezi mzima ikayapandisha usiku mmoja huku mtu mmoja akinakili mafaili kwa mkono, hiyo inaishi kwa bahati.

Knight Capital ya Marekani ni mfano ambao kila mhandisi wa mifumo ya fedha anapaswa kuujua. Ilikuwa inauza na kununua hisa kwa kompyuta. Tarehe 1 Agosti 2012 msimbo wake mpya ulianza kazi, lakini kati ya seva 8 zilizotakiwa kuupata, moja ilikuwa imesahaulika. Msimbo mpya ulikuwa unatumia upya swichi ya zamani, na kwenye ile seva iliyosahaulika swichi hiyo ikaamsha kipande cha msimbo kilichokuwa kimeachwa kutumika kwa miaka mingi. Katika dakika 45 hivi kampuni ilipata hasara ya zaidi ya dola milioni 400, na haikuweza tena kusimama peke yake. Hakuna aliyeuliza baadaye walikuwa wanatumia lugha gani. Watu waliuliza kwa nini kupandisha msimbo kulitegemea mkono wa mtu mmoja bila wa pili kuhakiki, na kwa nini msimbo uliokufa uliachwa ndani.

Kuhusu nakala za akiba, usiulize kama wanazo. Kila mtu atasema anazo. Uliza: mara ya mwisho mlirejesha kanzidata nzima kutoka kwenye nakala lini, na ilichukua saa ngapi? Tarehe 31 Januari 2017 mhandisi wa GitLab, kampuni inayohifadhi msimbo wa watengenezaji programu, akiwa amechoka usiku, alifuta saraka ya kanzidata kwenye seva kuu akidhani yuko kwenye seva ya pili. GitLab walikuwa na njia 5 za kulinda data. Walipozigeukia, hakuna iliyokuwa inafanya kazi kama ilivyotarajiwa. Nakala za kila siku zilikuwa zinashindikana kimyakimya kwa sababu programu ya kunakili ilikuwa ya toleo tofauti na kanzidata, na barua pepe za kuonya zilikuwa zinakataliwa njiani bila mtu kujua. Kilichowaokoa ni nakala ambayo mhandisi alikuwa ameichukua kwa mkono saa 6 kabla, kwa ajili ya kazi nyingine kabisa. Nawaheshimu kwa sababu walieleza yote hadharani, hatua kwa hatua, bila kumtoa kafara mhandisi yule. Nawe waombe waajiri wako wakusimulie ajali yao mbaya kuliko zote. Sikiliza kama hadithi inaishia kwenye "tulibadilisha hiki na kile" au kwenye jina la mtu aliyefukuzwa.

Kuna siku moja ambayo unaweza kuwauliza moja kwa moja, maana wote waliipitia: tarehe 12 Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Seva zao ziko wapi, Ulaya au Afrika Kusini? Siku ile oda zilipokelewa? Walijuaje kwamba kuna tatizo, kwa dashibodi yao au kwa simu za wateja? Kampuni yenye miaka 3 haiwezi kusema haikuwepo.

Sasa nizungumzie jambo linalonitia wasiwasi katika barua yako, nalo si PHP. Ni huo mpango wa kuandika kila kitu upya.

Wahandisi 9, mfumo unaofanya kazi, wateja wanaoongezeka, na mwaka mmoja wa kubadilisha lugha, muundo na mahali pa kuendeshea kwa pamoja. Netscape, waliokuwa na kivinjari kinachotumiwa na watu wengi duniani, waliamua mwaka 1998 kuacha msimbo wao wa zamani na kuanza upya. Toleo la 6 lilitoka Novemba 2000. Toleo la 5 halikutoka kabisa. Muda wote huo Internet Explorer, kivinjari cha Microsoft, ilikuwa inawachukulia watumiaji. Mfumo wa zamani una maarifa ambayo hayakuandikwa popote pengine: kila "kama" isiyoeleweka ndani yake iliwekwa kwa sababu mteja fulani, siku fulani, alikwama. Ukianza upya unayatupa maarifa hayo, kisha unayajifunza tena mbele ya wateja walewale.

Halafu Kubernetes. Ni kazi nzuri iliyotoka Google mwaka 2014, nami naitumia. Inatatua tatizo la kuwa na mashine nyingi na timu nyingi zinazopandisha vitu kwa wakati mmoja. Kampuni ya watu 9 kwa kawaida haina tatizo hilo. Ikiiingiza, mhandisi mmoja au wawili wanageuka watunzaji wake wa kudumu. Kampuni nyingine niliyofanya kazi tulikuwa wahandisi 4 wenye huduma 14, yaani vipande vya mfumo vinavyojiendesha peke yake, kila moja na kanzidata yake. Kuongeza sehemu ya jina la pili la mteja kulitulazimu kugusa huduma 5 na kuzipandisha kwa mpangilio maalumu. Wiki nzima kwa jina la pili. Wakubwa nao wamerudi nyuma pale ilipobidi: mwaka 2023 timu moja ya Amazon Prime Video inayokagua ubora wa picha ilieleza jinsi ilivyounganisha vipande vyake kuwa mfumo mmoja, na gharama za kuuendesha zikashuka kwa zaidi ya asilimia 90.

Sisemi kuhama ni kosa. M-Pesa ya Kenya ilianza Machi 2007. Mitambo yake, iliyokuwa Ujerumani, ilihamishiwa kwenye jukwaa jipya nchini Kenya mwaka 2015. Mzigo ulikuwa umekua kupita ule wa mwanzo, na sababu hiyo ilikuwa na namba. Waulize na hao namba zao. Ni kitu gani leo kinashindikana kwa sababu ya PHP? Ni ripoti gani inachelewa, ni saa ngapi za siku mfumo unaelemewa, na je, wamekwisha kujaribu kuongeza faharasa kwenye MySQL ili utafutaji uwe wa haraka, kuweka foleni ya kazi, kuongeza seva ya pili? Watahamisha kipande kwa kipande huku mfumo wa zamani na mpya ikifanya kazi pamoja, au kuna tarehe moja ya kuzima na kuwasha? Na tena, wangapi kati ya hao 9 wamewahi kuendesha Go mbele ya wateja halisi? Ukiona wana majibu, na wanaanza na kipande kimoja kinachouma, nitakuwa na amani. Ukiona mpango umetoka kwa mtu mmoja aliyetoka kwenye mkutano akiwa amevutiwa, au umewekwa ili wawekezaji wauone, basi ujue utaajiriwa kutunza mifumo miwili kwa mshahara wa mmoja, kwa muda mrefu kuliko unaoambiwa.

Kuhusu watu nitasema machache, ila yapime kwa uzito. Nani anayeujua mfumo peke yake? Kila kampuni changa ina mtu huyo, mara nyingi ni mwanzilishi wa kiufundi au mhandisi wa kwanza. Akisafiri kijijini wiki 2 bila mtandao, kazi inaendelea? Funguo za seva, akaunti ya wingu, jina la tovuti, cheti cha kuunganishwa na kampuni ya simu, vimeandikishwa kwa barua pepe ya kampuni au ya mtu binafsi? Nywila zinatumwa kwenye kundi la WhatsApp? Nilishaona jina la tovuti likiisha muda kwa sababu kadi iliyokuwa inalipia ilikuwa ya mfanyakazi aliyeondoka mwaka mmoja kabla. Mfumo ulikuwa mzima, seva nzima, na wateja hawakuweza kuingia tangu asubuhi hadi jioni.

Uliza pia mhandisi wa mwisho kuajiriwa alipandisha badiliko lake la kwanza siku ya ngapi. Mwombe yeye mwenyewe akujibu. Kama alihitaji wiki 3 kuufanya mfumo uwake kwenye kompyuta yake, ujue zamu inayofuata ni yako. Na kama ili afanye majaribio alipewa nakala ya kanzidata yenye majina na namba za simu za wateja halisi, hapo pana shida ya kisheria pia. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na Kenya ina ya kwake tangu 2019. Wewe uliyezoea benki utaona tofauti kubwa, na huenda hilo ndilo eneo ambalo wanakuhitaji zaidi.

Usiwapime kwa kipimo cha benki katika kila jambo, maana hapo nawe utawaonea. Msimbo wenye sura mbaya kwenye kurasa zisizogusa fedha, si kitu. Nyaraka chache, nimezoea. Majaribio yanayojiendesha kwenye sehemu ya malipo tu na si kwingine, kwa kampuni ya miaka 3 naliona ni chaguo la busara. Hata kufanya baadhi ya kazi kwa mkono ni sawa, mradi wanajua wanazifanya, wamezihesabu, na wanajua ni ipi itaondolewa kwanza. Deni la kiufundi, yaani kazi za kurekebisha mfumo zilizoahirishwa, si aibu. Nataka tu kuona kama wanalo daftari la madeni yao. Mwombe mkuu wa wahandisi akutajie vitu 3 vinavyomkera kwenye mfumo wake. Anayejua nyumba yake atavitaja kabla hujamaliza swali, na atakueleza kwa nini bado hajavigusa. Anayesema hakuna, usifanye naye kazi.

Fedha nayo iulize bila haya: walizonazo zinatosha miezi mingapi, na ankara ya wingu kwa mwezi ni kiasi gani ikilinganishwa na mishahara. Asiyeijua ankara yake hajawahi kuitazama.

Kuna kampuni zitakazokwambia haziwezi kumfungulia mfumo mtu ambaye bado hajasaini. Kama sababu ni siri za wateja, ni sababu njema na uiheshimu. Jitolee kusaini makubaliano ya kutunza siri, au waombe wakuoneshe kwenye seva ya majaribio yenye wateja wa kubuni. Wakikosa hata seva ya majaribio, umepata jibu lako bila kufungua chochote.

Waandikie kesho asubuhi, kwa maneno machache: "Nashukuru kwa ofa na nina hamu ya kujiunga. Kabla ya kusaini naomba saa 2 ofisini kwenu. Nusu ya kwanza nikae na mhandisi mmoja anioneshe muamala mmoja wa mteja tangu mwanzo hadi kwenye hesabu, na badiliko moja dogo linavyopanda hadi kumfikia mteja. Nusu ya pili nizungumze na mtu wa hesabu, mtu wa huduma kwa wateja, na mhandisi aliyeajiriwa hivi karibuni." Omba siku ya kazi yenye pilika, mwisho wa mwezi au siku chache kabla ya sikukuu wenye maduka wanapoagiza kwa wingi. Nenda na daftari na kalamu. Ukifika, kaa upande ambao unaiona meza ya huduma kwa wateja, na simu ya kwanza ya malalamiko ikiingia, acha kuandika uangalie yule dada anamgeukia nani, na huyo aliyegeukiwa anafungua nini kwenye skrini yake.